Mbwa waoga wa kituoni: wakipata nyumba wanatoroka au wanarudishwa. Tunakosea wapi? (Tanga)

Mlezi_Chumbageni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaowajua mbwa kiundani. Ushauri wa "mpe muda atazoea" tumeshaumaliza.

Kituo chetu ni kidogo, kipo Tanga mjini. Tunaokota mbwa wa mitaani, tunawatibu, tunawachanja, tunawafunga kizazi, halafu tunawatafutia nyumba. Wachangamfu hawana shida, wiki mbili tatu mtu keshawachukua. Kazi ipo kwa waoga. Sasa hivi wapo watatu, na anayeumiza kichwa ni jike wa makadirio ya miaka miwili, kilo 14. Mtu akiingia bandani anajibana kona ya nyuma, kafyata mkia, na hagusi chakula mpaka uondoke. Hajawahi kumng'ata mtu wa kituo.

Katoka mara mbili, karudi mara mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa Raskazone, ua mkubwa, watu wawili tu; akaruka ukuta siku ya pili na kupatikana siku ya sita. Ya pili ilikuwa Ngamiani, nyumba ya wapangaji wengi. Siku tisa katulia, wakasema mpole huyu mpaka basi. Siku ya kumi akamng'ata mkononi mtoto wa miaka sita. Jeraha dogo, mtoto kaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa hospitali ya Bombo, mbwa kakaa siku 10 chini ya uangalizi na ni mzima.

Naomba kujua: (1) tumwandae vipi kabla hajatoka tena, (2) nyumba ya namna gani imfae, maana tisa kati ya kumi wanaokuja wanataka mlinzi, (3) siku za mwanzo mwenyeji wake afanye nini hasa.

DaktariMifugo_Pongwe

Pole na kazi. Naanza na kitu ambacho hukukiandika: je, amepimwa maumivu? Jino lililooza, sikio lenye usaha, nyonga iliyogongwa na pikipiki, vyote vinamfanya mbwa auogope mkono, na chakula kitamu hakiwezi kuyashinda maumivu. Kama hashikiki, msimkabe watu wanne. Mpangieni siku moja alazwe kwa dawa, na yote yafanyike hapohapo: meno, masikio, viungo, kucha, damu. Siku nzuri ingekuwa ile ya kufungwa kizazi, kwa wajao mkumbuke.

Huku pwani damu ni lazima, kwa sababu ya kupe. Mbwa mwenye homa ya kupe ya muda mrefu anaweza kuonekana mwoga au mzito kumbe anaumwa: anajitenga, anakula kidogo, anakonda, fizi zinapauka. Mkiona uoga umezidi ghafla kwa mbwa aliyekuwa akiendelea vizuri, fikirieni ugonjwa kwanza, tabia baadaye.

Kuna dawa za hofu, na hazimaanishi kwamba mmeshindwa. Mbwa ambaye baada ya wiki mbili za utaratibu mzuri bado hali mbele ya mtu, ubongo wake hauna nafasi ya kujifunza. Fluoksetini hupewa kila siku na huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo msiiache wiki ya pili mkisema haifai. Mwanzoni inaweza kupunguza hamu ya kula. Wala haikatwi ghafla, hupunguzwa taratibu. Halafu hili lisisahaulike kabisa: mbwa aliye kwenye fluoksetini asiogeshwe dawa ya kupe ya amitrazi. Amitrazi ndiyo ile wengi huichukua duka la mifugo kwa ajili ya ng'ombe kisha wakammwagia na mbwa. Zikikutana mwilini ni hatari. Nyumba inayomchukua iandikiwe hili kwenye karatasi, maana ndiyo itakayomwogesha.

Kwa siku ya safari ipo gabapentini, inapewa kama masaa mawili kabla. Jaribuni dozi siku nyingine kwanza, akiwa kituoni, mwone inamfanyaje. Mkipata ile ya maji ya binadamu, someni viambato: ikiwa na zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari), msimpe, kwa mbwa ni sumu. Na msikubali apewe asepromazini peke yake "ili atulie". Hiyo inaulegeza mwili, hofu inabaki palepale kichwani, na makelele yanaweza kumtisha zaidi kuliko kabla. Unamwona kalala, kumbe anashindwa tu kukimbia.

Dozi ya yote haya ni ya daktari aliyempima na kumjua uzito wake. Siandiki namba hapa.

Mkufunzi_Mkonge

Daktari kamaliza upande wake. Mimi nije bandani.

Kabla ya mafunzo, jueni anasema nini, kwa sababu kosa la Ngamiani lilianza hapo. Yule "mpole mpaka basi" hakuwa mpole, alikuwa ameganda. Mbwa aliyetulia huwa na mwili laini, anajinyoosha, analala ubavu, anakula na watu wakipita. Aliyeganda anakaa palepale, mdomo umefungwa, masikio nyuma, anaonyesha weupe wa jicho pembeni, anapiga miayo bila usingizi, analamba pua bila chakula. Anaruhusu kushikwa kwa kuwa hana njia nyingine. Siku zikipita anaanza kupata nguvu ya kujieleza, na neno lake la kwanza mara nyingi ni kunguruma. Kwa hiyo wiki ya pili na ya tatu ndizo za kuchunga kuliko siku ya kwanza. Wenyeji wengi hufanya kinyume: siku tatu wananyata, ya nne wanaita majirani waje wamwone.

Akinguruma asipigwe wala asikemewe. Kunguruma ni honi. Ukiikata honi gari haliachi kwenda, linakuja kimyakimya.

Sasa chakula cha mafunzo. Kisiwe kile cha bakulini. Chemsheni maini dakika 15 hivi, yapoe, yakatwe vipande vya ukubwa wa kunde. Nusu kilo inatosha siku tatu kwenye friji kwa mbwa wote watatu. Maini mengi huharisha, kwa hiyo vipande viwe vidogo kweli. Dagaa nao wanafaa, ila wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe kwanza. Ugali uendelee kuwa mlo wa kawaida, kama malipo ya ujasiri haumvuti.

Hatua ya kwanza ni kupita tu. Kila anayepita mbele ya banda anatupa vipande viwili bila kusimama, bila kumtazama, bila kumwita. Mara 20 hadi 30 kwa siku haina shida, kila mara ni sekunde tatu. Angalieni mpangilio: mtu aonekane kwanza, chakula kifuate ndani ya sekunde moja au mbili, mtu aondoke, chakula kikome. Mkianza kutikisa mfuko halafu ndipo mtu atokee, anajifunza kwamba maini ni chambo na nyuma yake kuna jambo. Mbwa wa namna hiyo anafika mahali anakimbia hata harufu ya maini.

Akianza kusogea mbele mkipita, ingieni hatua ya pili. Ingia, kaa chini ubavu ukiwa umemwelekea, mgongo kidogo, mikono mapajani. Tupa kipande nyuma yake, siyo mbele yako. Hapa watu hukosea sana. Ukikiweka karibu na goti lako, njaa inamvuta na hofu inamsukuma. Anakuja kanyoosha shingo, miguu ya nyuma imebaki, anadokoa, kisha anagundua alipo na kushtuka. Hapo ndipo anapong'ata. Ukitupa nyuma yake, anakwenda kula huku akikupa mgongo, anapumua, halafu mwenyewe anageuka kutafuta kingine. Kila anapogeuka ni yeye ameamua. Dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku, unatoka kabla hajachoka.

Msimguse mpaka aanze kuugusa mkono wenu kwa pua mara kadhaa, siku tofauti. Mguso wa kwanza ni chini ya kidevu au ubavuni, sekunde mbili, acha, subiri. Akirudi endelea, akigeuza kichwa imetosha. Juu ya kichwa msipaguse kabisa kwa sasa. Yule mtoto naweza kukisia mkono ulipita wapi.

Kitu kingine ni mbwa msaidizi. Marekani shirika la kutetea wanyama la ASPCA lilianza mradi wa majaribio wa mbwa waliokithiri kwa uoga huko Madison, New Jersey, mwaka 2013, na mwaka 2018 likafungua kituo cha kudumu Weaverville, North Carolina. Kwa fedha zao hatuwawezi, lakini jambo moja kwao ni la bure: mwoga hufanyishwa kazi pembeni ya mbwa jasiri anayependa watu. Mwoga anasoma kwa mwenzake. Mleteni mchangamfu wenu mmoja bandani, mpeni maini mkononi, mwoga atupiwe kwa mbali. Ila msimweke mwoga na mwoga mwenzake mkidhani wanafarijiana. Wanaambukizana, mmoja akishtuka wote ukutani.

Kijana_wa_DeepSea

Samahani wakuu, mbona mbwa anadekezwa hivi? Dawa ya mwoga ni kumweka penye watu. Mfungeni mnyororo pale soko la samaki asubuhi boti zikiingia, wiki moja tu, atazoea kelele zote. Mbwa wa pale wanalala katikati ya baiskeli na hawajali.

Mkufunzi_Mkonge

Kaka, mbwa unaowaona wamelala pale wamezaliwa palepale. Kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ya umri ubongo wa mbwa unapokea mambo mapya kwa urahisi. Kilichoonekana humo bila madhara kinakuwa cha kawaida. Huyu ana miaka miwili, dirisha hilo lilishafungwa. Na wale ambao hawakuzoea huwaoni pale, walishakimbia.

Halafu mnyororo. Mbwa mwenye hofu ana njia chache: akimbie, agande, au apigane. Ukimfunga umeiondoa ya kwanza. Ataganda siku mbili tatu, utasema kazoea, na siku mtoto akimkaribia atatumia iliyobaki. Kuzoeshwa kelele kunawezekana, ila kwa umbali. Mathalani anaacha kula pikipiki ikipita mita 6 kutoka kwake: kazi inaanzia mita 10, anakula vizuri siku tatu nne, ndipo mnasogea mita moja. Akianza kunyakua chakula kwa nguvu mpaka anakuumiza vidole, au kukitema, mmekaribia mno. Rudini nyuma, hakuna aibu.

Msipange mambo mawili magumu siku moja pia. Sindano asubuhi, wageni mchana, radi jioni, vyote vinajumlishana mwilini, na mbwa huyo anaweza kumng'ata mtu wa nne ambaye hakukosa kitu. Baada ya siku nzito mpeni siku mbili tatu za kupumzika: chakula, maji, kivuli, basi.

Bibi_wa_Makorora

Wanangu, mbwa mmeshamwandaa. Nyumba je?

Namba moja, acheni kumpa anayetaka mlinzi mkali. Mwoga anabweka, hilo kweli, na mtu akisikia anabweka anasema mlinzi huyo. Lakini mlinzi mzuri ni mbwa anayejiamini, anajua nani wa nyumbani na nani mgeni. Mwoga hajui, kwake wote ni wageni mpaka ithibitike vinginevyo. Atakimbia mwizi na kumng'ata mjukuu aliyefuata mpira nyuma ya banda. Halafu wenye kutaka mlinzi wana mtindo wao: mchana kufungiwa bandani, usiku kufunguliwa, chakula kusukumwa kwa fimbo chini ya mlango. Huyo hatazoea mtu hata miaka mitano. Mtu akija na neno "mkali", mwonyesheni mwingine au mwambieni hapana.

Namba mbili, watoto. Nyumba yenye watoto chini ya miaka kumi hapana, kwa huyu. Na mtoto hahesabiwi kwa waliozaliwa humo tu. Ulizeni: jioni wanakuja wangapi kutazama katuni? Nani yupo chuoni hapo barazani? Wapangaji wangapi, na geti linafunguliwa mara ngapi kwa siku? Nyumba za Ngamiani zina ua mmoja, choo kimoja, familia nne. Mbwa mchangamfu anaishi humo raha mustarehe, mwoga hapati hata kona ya kuegemea. Kama ni ya kupanga, mwenye nyumba akubali kwa mdomo wake mwenyewe mbele yenu, siyo "nitamwambia".

Namba tatu, dini, na hili wengi wenu mnalikwepa kwa aibu. Mji wetu wengi ni Waislamu. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa. Kinachowasumbua watu ni najisi, hasa mate, maana chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa mafunzo yenu yote ni ya kumlisha mkononi na kungoja aguse kwa pua! Mtu mwenye udhu hawezi, na hatakwambia. Atakubali mbele yako kisha atakiacha akifika nyumbani. Mwambieni njia yake mapema: chakula kinatupwa, au kinatolewa kwa kijiko cha mbao kirefu ambacho ni cha mbwa tu, bakuli lake halichanganywi na vyombo, na banda liwe upande usio njia ya kwenda msikitini wala mahali pa kuswalia. Mwoga hadai kukumbatiwa. Nyumba ya Kiislamu yenye shamba Pongwe au Mabokweni, watu wazima wapole, yaweza kumfaa kuliko nyumba ya anayetaka kumbusu.

Na jirani aambiwe kabla. Jirani asiyependa mbwa akimrushia jiwe moja tu juu ya ukuta, kazi yenu ya miezi mitatu imekwisha.

Mlezi_Chumbageni

Shikamoo bibi, la vyombo na udhu hatukuwahi kulifikiria, nakiri. Wakuu wengine asanteni. Sasa tuseme nyumba imepatikana: watu wazima wawili, shamba la ekari moja, ukuta upo, wana mbwa mmoja mzee mtulivu. Siku ya kuhama yenyewe inaendaje? Ndipo aliporuka mara ya kwanza.

Mkufunzi_Mkonge

Marhaba kwa niaba ya bibi, naona keshalala. Mbwa mzee mtulivu ni bahati kubwa, nyumba hiyo msiiachie.

Kabla ya siku yenyewe waje kituoni mara nne au tano, siku tofauti. Mara ya kwanza hawamsogelei: wanakaa mita 5, wanatupa maini nyuma yake, wanaondoka. Ya mwisho yule mbwa mzee naye aje, wakutane nje kwenye kamba zilizolegea, watembee sambamba kabla ya kunusana.

Vifaa. Mkanda wa shingoni peke yake hapana. Mbwa mwoga akirudi kinyumenyume na kuinamisha kichwa anautoka kama shati. Nendeni kwa fundi wa mabegi, mpeni mkanda wa begi wa upana wa milimita 25 ashone vazi la kifuani lenye mikanda mitatu ya kuzunguka: shingoni, nyuma ya miguu ya mbele, na wa tatu nyuma ya mbavu za mwisho, pale kiuno kinapokuwa chembamba. Huo wa tatu ndio unaomzuia, kwa sababu kifua hakiwezi kupita kwenye kipimo cha kiuno. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda, visizidi. Kila kiungo kishonwe mraba wenye msalaba ndani, siyo mstari mmoja. Pete ziwe za chuma. Azoeshwe kulivaa akiwa kituoni, wiki nzima, kwa maini.

Kamba mbili, moja kwenye vazi, nyingine kwenye mkanda wa shingoni, zikishikwa na mtu mmoja. Kamba ya mkonge msitumie, najua inapatikana na ni fahari yetu, lakini inachana viganja akivuta na anaikata kwa meno dakika chache. Nailoni bapa ni nzuri.

Usafiri uwe kirikuu au gari lenye kufungwa, mbwa ndani ya tundu la mbao lenye wavu, limefunikwa gunia upande wa nyuma na kuachwa hewa mbele. Bodaboda hapana, hata kama amefungwa kwenye boksi. Asile masaa manne hadi sita kabla, atatapika. Ondokeni alfajiri, jua halijawa kali, siku ya kati ya wiki. Msimhamishe wiki ya Idd, mkesha wa mwaka mpya, wala siku jirani wana harusi. Baikoko ikipigwa mtaa wa pili usiku kucha, mbwa huyo hawezi kujua kuwa ni furaha. Masika yakianza na radi zake, ahirisheni pia.

Mkifika: geti lifungwe kabla tundu halijashuka kwenye gari. Tundu liingizwe hadi ndani ya chumba au banda lenye paa, mlango ufungwe, ndipo lifunguliwe, watu watoke. Siku tatu za mwanzo haachiwi uani hata kidogo. Raskazone najua wazi kilichotokea: ua mkubwa, wakamfungulia azunguke azoee. Ua mkubwa kwa mwoga ni mahali pa kutafutia njia ya kutokea.

Kagueni ukuta wiki moja kabla. Mita 1.8 au 2 inafaa ikiwa hakuna ngazi, na ngazi ndizo mnazozisahau: tanki, rundo la matofali, mwembe wenye tawi la chini, paa la banda la kuku. Chini ya geti, pengo linaloingiza kichwa chake laweza kumtosha mwili mzima.

Mpeni aondoke na gunia lake alilolalia, lisilofuliwa, na bakuli lake lilelile. Saa za chakula zilezile. Kama mlikuwa mnasema "haya" mkitupa maini, wenyeji nao waseme "haya".

Kuanzia siku ya nne, akiwa anakula mbele yao, atoke uani na kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye vazi, siyo shingoni, ikiburuzika, mwisho wake usiwe na fundo wala kitanzi kitakachonasa. Mtu awepo muda wote. Yule mbwa mzee atoke naye. Kamba hiyo haiondoki mpaka awe anarudi mwenyewe akisikia "haya", na hilo laweza kuchukua miezi.

DaktariMifugo_Pongwe

Nyongeza fupi. Siku ya kwanza asipokula msiogope. Anaweza pia kubana haja masaa 24 na zaidi. Maji ndiyo ya kuchunga: asipokunywa kabisa siku nzima kwa joto letu hili, nipigieni, au daktari yeyote aliye karibu. Chakula, siku mbili nitavumilia, ya tatu nataka kumwona.

Kadi ya chanjo iondoke naye. Ya kichaa inarudiwa kila mwaka, na mbwa aliyechanjwa mara ya kwanza msimtoe siku ya pili yake, mpe wiki tatu hadi nne kinga ikae. Na wenyeji waambiwe tangu mwanzo: aking'ata mtu, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa kachanjwa, mbwa anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Asiuawe, asigawiwe. Akiuawa na kutupwa, mnapoteza njia ya kujua.

Kijana_wa_DeepSea

Nimeelewa wakuu, somo limeingia. Ila akitoroka je? Maana huyu keshaonja.

Mkufunzi_Mkonge

Swali zuri, kaka. Wasimkimbize, wasimwite, na wasiwaite vijana wa mtaa wamsake. Mbwa wa namna hii saa za mwanzo mara nyingi anajificha karibu, kwenye kichaka au uvungu wa kibanda. Kundi la watu ndilo linalomfukuza avuke barabara kuu, na hapo tena hajulikani yuko Amboni au Muheza. Gunia lake liwekwe nje ya geti alipotokea, na bakuli la dagaa, geti liwe wazi kidogo, nyumba iwe kimya, yule mbwa mzee afungwe kwa kamba ndani ya ua aonekane. Wakati mzuri ni usiku wa manane hadi alfajiri.

Vijiwe vya bodaboda waambiwe, kwa maneno haya haya: ukimwona usimfuate, piga simu, sema alikuwa anaelekea wapi. Picha wawe nayo kwenye simu.

Asiporudi usiku huo, tafuteni anapopita na mlisheni palepale, saa ileile, mtu yuleyule. Siku ya tatu au ya nne ya kula bila kusumbuliwa, leteni lile tundu alilosafiria, mlango ukiwa umefungwa wazi kwa waya usisogee, chakula kiwe mlangoni. Kila siku kisogezwe ndani sentimita 20 hivi. Waya unaondolewa na kamba ya kuvutia mlango inafungwa siku atakapokuwa anaingia mwili mzima na mkia, na siyo kabla. Mlango ukimgonga mgongoni akaponyoka, hilo tundu haliingii tena. Itabidi mtengeneze jingine lisilofanana nalo.

Mlezi_Chumbageni

Nimechapa yote kwenye karatasi. Tutapita kwao siku ya 1, 3, 7, 14 na 30, halafu mwezi wa tatu. Swali dogo la mwisho: siku hizo tukipita, tuingie kumwona?

Bibi_wa_Makorora

Msiingie, mwanangu. Semeni na wenyeji barazani. Harufu yenu akiisikia getini akaanza kulia kutaka kuondoka nanyi, mtawavunja moyo wale wazee wa watu. Waulizeni tu jana alilala ubavu au alilala amejikunja, na alikula wakiwepo au walipotoka. Mtajua yote.